Barua ya wazi: Dodoma ipate mlango wa kupokelea wanyamapori majeruhi na yatima

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Kamishna wa Uhifadhi, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA),
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma,
Wakurugenzi wa halmashauri zote 8 za Mkoa wa Dodoma.

YAH: KITUO CHA KUPOKEA WANYAMAPORI MAJERUHI NA YATIMA

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Tunaoandika ni madaktari wa mifugo, maafisa wanyamapori na wahudumu wa wanyama. Kazi yetu ni wale wanaoletwa wamevunjika, wamenaswa kwenye waya, au wamebaki bila mama. Ombi letu ni moja: Mkoa upate mahali panapojulikana, penye mtu wa zamu na dawa, ambapo mwananchi anaweza kumfikisha mnyama ndani ya saa sita za kwanza na akarudi kwake bila hofu.

Angalieni safari ilivyo leo. Mkulima wa Chemba ameokota mtoto wa digidigi wa gramu 700 pembeni ya shamba la uwele. Anampeleka kwa mtendaji wa kijiji, ambaye hana boksi wala dawa. Mtendaji anampigia afisa wanyamapori wa wilaya, na gari la wilaya limekwenda kufukuza tembo kwenye mashamba upande wa pili. Makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) yako Arusha, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dodoma mjini. Chuo Kikuu cha Sokoine, chenye madaktari na wanafunzi wa tiba ya wanyama, kiko Morogoro, kilomita 250 na ushee. Kufikia magharibi mtoto yule ameshanyweshwa maziwa baridi ya ng'ombe na watu wenye huruma, amelala kwenye sakafu ya saruji, na pumzi inakoroma. Alfajiri hayupo.

Kuna jambo la sheria linalomchelewesha mnyama hata kabla ya umbali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kifungu cha 86 kinamkataza mtu kuwa na nyara za Serikali bila kibali. Nyara, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni pamoja na mnyama aliye hai. Tunaikubali sheria hii, tena tunaihitaji, kwa sababu bila hiyo biashara ya komba na kakakuona ingekuwa ya wazi sokoni. Lakini mama aliyemkuta komba chini ya mbuyu uliokatwa hajui kama akimbeba hadi kituo cha polisi ataulizwa au atashukuriwa. Kwa hiyo wengi humfungia ndani wiki nzima, au humtupa kichakani usiku. Dawa yake ni karatasi moja: hati ya makabidhiano yenye nakala tatu, inayotaja aina ya mnyama, saa na mahali alipookotwa, uzito, alichopewa kula au kunywa, na jina la aliyempokea. Nakala moja ibaki kwa mwananchi. Wizara ikitoa waraka kwamba anayemfikisha mnyama kwa mtendaji au kituoni ndani ya saa 24 na kupata hati hiyo hahesabiwi kuwa mmiliki, hofu itapungua kwa kiasi kikubwa, na sisi tutapata taarifa ambazo leo hatupati kabisa. Alichokula mnyama kabla ya kufika ndiyo habari ya kwanza daktari anayoitaka, na ndiyo inayofichwa zaidi.

Pia wapo wanaookotwa ambao hawakupaswa kuguswa. Mtoto wa digidigi hukaa amejificha wiki mbili au tatu za mwanzo. Mama humwacha amelala kimya kwenye kichaka, akaenda kula, akarudi kumnyonyesha mara chache kwa siku, zaidi alfajiri na jioni. Akilala ametulia, macho maangavu na masikio yamesimama, si yatima. Anayemwona arudi nyuma mita 100 au zaidi, afunge mbwa, angoje hadi giza liingie. Yatima wa kweli anajulikana: analia bila kukoma, anatangatanga, nzi wamemjaa, sisimizi wako kwenye kitovu, masikio yamejikunja kwa kukosa maji, au mama amelala amekufa barabarani. Maelezo haya yanaenea kwenye kadi ya ukubwa wa kiganja. Tunaomba kila mtendaji wa kijiji na kila askari wanyamapori wa kijiji awe nayo, kwa Kiswahili, na redio za hapa zisome kwa Kigogo na Kirangi pia.

Akishathibitika ni yatima, kinachomuua ni mpangilio. Watu huanza na maziwa, wakati maziwa ni jambo la tatu. La kwanza ni joto. Mnyama mwenye mdomo wa baridi asipewe chochote kwa kinywa, kwa sababu utumbo wake umesimama. Maziwa yatakaa humo na kuchacha. Chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa kwa khanga, moja kila upande, ndani ya boksi, na nafasi ya yeye kujisogeza akiona joto limezidi. Ngojeni kipimajoto cha njia ya haja kubwa kisome nyuzi 38. Juni na Julai, usiku wa Dodoma ukishuka hadi nyuzi 14 hivi, hatua hii peke yake inaweza kuchukua saa mbili.

La pili ni maji. ORS ileile ya zahanati, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, ipashwe moto hadi nyuzi 38, milo miwili ya mwanzo. Ndipo maziwa, na yawe ya mbuzi, yaliyochemshwa yakapoa hadi joto la mwili: kwanza robo ya maziwa na robo tatu ya ORS, halafu nusu kwa nusu, halafu robo tatu, na maziwa matupu baada ya saa 24 hadi 36. Kwa siku nzima mpeni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Kwa yule wa gramu 700 ni mililita 70 hadi 105, zikigawanywa mara sita, ambazo ni kati ya mililita 12 na 17 kwa mlo. Tumboni hawezi kubeba zaidi ya asilimia 5 kwa mara moja. Chupa ya soda iliyojaa, ambayo mtu huona ni ukarimu, inamzidi mara kumi.

Namna ya kumshika ni muhimu sawa na kiasi. Mnyama anayecheua anyonye akiwa amesimama au amelalia kifua, shingo imenyooka kwenda juu, kama anavyofikia chuchu ya mama. Shingo ikinyooka hivyo, mfereji wa ndani hujifunga na kupeleka maziwa moja kwa moja tumbo la nne. Akilazwa chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni au huangukia tumbo la kwanza na kuoza. Tundu la chuchu likipanuliwa kwa wembe ili amalize haraka, matokeo ni hayohayo. Maziwa yakitoka puani, simamisheni, mwinamisheni kichwa, mwiteni daktari. Homa ya mapafu ya namna hii huonekana siku ya pili au ya tatu, mtu akiwa ameshasahau chanzo. Baada ya kila mlo asuguliwe chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kwa kuwa wachanga hawajisaidii bila kulambwa.

Aliyezaliwa siku hiyohiyo anahitaji dang'a. Bila dang'a ndani ya saa 24 za kwanza, na vizuri zaidi ndani ya saa 12, utumbo hufunga mlango wa kupitisha kinga, na hata akinenepa atakufa kwa kuhara wiki ya pili. Hapa Dodoma ina bahati: mbuzi wako katika kaya nyingi. Kituo kiwe na friji ya kugandisha na makubaliano na wafugaji wachache wenye mbuzi waliopimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Dang'a igandishwe kwenye vifuko vya mililita 50, iyeyushwe kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si jikoni, kwa sababu moto ukizidi nyuzi 60 kinga yote huharibika na kubaki maziwa ya kawaida. Na huyo digidigi, kuanzia wiki ya pili, aone majani ya mkole na mgunga mbele yake kila siku. Pumba za mahindi na ugali vinamjaza tindikali tumboni. Wengi waliovuka mwezi wa kwanza wamefia hapo.

Kwa waliokua, adui wa kwanza ni mbio. Swala au tandala aliyekimbizwa na watu na mbwa kwa dakika kumi saa sita mchana anaweza kukamatwa mzima, akafungwa miguu minne kwa kamba, akabebwa kwenye bodaboda, akafika akiwa amesimama, na akafa kesho yake au keshokutwa. Misuli imeungua kwa asidi yake yenyewe, figo zimeziba, mkojo umekuwa rangi ya kahawa. Hatuna tiba ya kutegemewa. Tuna kinga tu: asikimbizwe zaidi ya dakika mbili au tatu, afunikwe macho kwa shuka, pawe kimya, alalie kifua na si ubavu, na asafirishwe asubuhi au jioni ndani ya kreti yenye giza. Simu za kupigia picha ziwekwe mfukoni.

Waya wa mtego una hila yake. Ukikatwa shingoni usivutwe. Ukatwe mahali penye nafasi, kisha utolewe kwa kurudisha ulikoingilia. Mnyama akikimbia mara tu unapotolewa watu hushangilia, lakini nyama iliyokosa damu kwa siku tatu huanza kuoza baada ya hapo. Akae chini ya uangalizi saa 48 hadi 72. Twiga, tembo na simba hatuwazungumzii hapa, maana hao hulazwa kwa dawa kama etorfini ambayo tone lake linaweza kumuua daktari mwenyewe. Ni kazi ya timu za TAWIRI, Hifadhi za Taifa (TANAPA) na TAWA, zilizo na dawa ya kubatilisha nguvu yake tayari mkononi, na kituo chetu kingewasaidia kwa kuwapa taarifa mapema na kulilinda eneo.

Tumbusi tunawaombea nafasi ya pekee. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa fisi au simba hunyunyizia mzoga kabofurani, sumu ya wadudu wa mashambani, na wanaokufa kwa wingi ni tumbusi. Mwaka 2018 kando ya Hifadhi ya Ruaha walikufa simba na makumi ya tumbusi kwa mzoga wenye sumu. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba tumbusi aliyekutwa akiwa bado anapumua anaweza kuokolewa, na hupona ndani ya siku moja au mbili akipata huduma mapema. Dalili ni kucha zilizokunjamana, kichwa kuning'inia, mate kuchuruzika na kujaa kwa gole, mfuko wa chakula ulio chini ya shingo. Daktari huanza kwa kutoa kilichomo ndani ya gole, kichwa kikiwa chini ili nyama isiingie kwenye njia ya hewa. Halafu atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hiyo, miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa kila kilo, kwenye msuli wa kifua, ikirudiwa kila saa tatu au nne kadiri dalili zinavyorejea. Ndege wa kilo 5 anahitaji miligramu 1 hadi 2.5 kwa dozi, na ampuli nyingi zina miligramu 1 au pungufu. Wakiletwa ndege kumi, usiku mmoja unaweza kumaliza ampuli zaidi ya mia. Hiyo ndiyo sababu tunaomba akiba ya ampuli 200 Dodoma, kwa kuwa hakuna duka la dawa za mifugo linaloweka kiasi hicho. Makaa ya dawa ya kunyonya sumu tumboni, na dripu ya maji ya ringa lakteti iliyopashwa joto, hufuata. Anayewashika avae glavu na barakoa, maana sumu iliyo kwenye matapishi haichagui. Mzoga uchomwe, ukishachukuliwa sampuli kwa ajili ya upelelezi.

Tukiwa kwa tumbusi: diklofenaki inaharibu figo zao na kuwaua, hata ile iliyobaki kwenye nyama ya ng'ombe aliyetibiwa kisha akafa na kutupwa. Meloksikamu inafanya kazi ileile ya kutuliza maumivu na haiwadhuru. Maafisa mifugo wa halmashauri wanaweza kulianza hili wiki hii kwa kubadilisha orodha ya dawa wanazoagiza, bila kusubiri kituo.

Kakakuona naye. Tunajua anavyopokewa akionekana kijijini: watu wanakusanyika, anawekewa maji, unga, jembe na mkuki ili aoneshe mwaka utakavyokuwa, na hatuna nia ya kuwavunjia wazee wetu heshima. Tunaomba tu muda uwe mfupi, awe kivulini, asinyanyuliwe kwa mkia wala kufunguliwa kwa nguvu alipojikunja, na jioni hiyohiyo arudishwe kwenye vichuguu karibu na alikoonekana, akisindikizwa na askari wanyamapori. Asipojeruhiwa hana sababu ya kulala kituoni. Anakula sisimizi na mchwa pekee, hali bakulini, na akifungiwa hudhoofika kila siku. Mgonjwa anayelazimika kubaki hutolewa nje usiku kwa muda wa saa tatu hadi tano akijitafutia, mhudumu akimfuata kwa miguu, na hupimwa uzito kabla na baada ya matembezi. Aina zote 8 za kakakuona ziko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu uamuzi wa mwaka 2016, kwa hiyo kila anayepita mikononi mwetu anatakiwa kuwa na kumbukumbu iliyoandikwa.

Mji unapanuka, na barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 inapita kwenye vichaka ambavyo jana vilikuwa makazi. Tunaomba kibali cha kukata mbuyu kiwe na sharti la kukagua matundu kwanza. Hondohondo jike hujiziba ndani ya tundu kwa udongo na kinyesi, akabakiza upenyo wa mdomo, na humo hunyonyoka manyoya ya kurukia. Dume humlisha kupitia upenyo. Mti ukiangushwa wakati huo, jike hawezi kuruka hata mita moja. Kama kosa limeshatokea, kipande chenye tundu kikatwe kizima na kufungwa kwenye mti wa jirani kwa urefu uleule, kisha watu waondoke. Dume anaweza kurudi.

Kwa nini jengo la peke yake, wakati mabanda ya mifugo yapo? Kwa sababu ya magonjwa. Sotoka ya mbuzi na kondoo iko nchini, na swala aliyelelewa zizini akiachiwa kwenye mapori ya akiba ya Swagaswaga au Mkungunero anaweza kuipeleka kwa wenzake. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Upande wa pili, mbweha au nyegere anayekuja mchana kwa watu bila woga achukuliwe kuwa ana kichaa cha mbwa mpaka ithibitike vinginevyo, asishikwe. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Kila mhudumu awe amechanjwa kabla ya kuanza kazi. Na tumbili hupata kifua kikuu kutoka kwetu, hivyo aliyefugwa sebuleni hafai kurudishwa msituni kabla hajapimwa.

Tunachoomba kijengwe si kikubwa. Vyumba viwili vya mita 3 kwa 4, kimoja cha giza kwa ndege. Karantini ya siku 30 iliyotengwa. Mabanda sita ya nje yaliyozungushiwa mikeka ya matete yenye urefu wa mita 2 juu ya wavu, ili mnyama asione watu wala asijigonge kwenye waya. Mizani moja inayosoma gramu moja moja na nyingine ya kuning'iniza ya kilo 100. Friji, sola ya kuiendesha umeme ukikatika, tangi la lita 5,000. Daktari mmoja na wahudumu watatu wa zamu, kwa sababu wachanga hula hata saa nane za usiku. Kila halmashauri iwe na sanduku moja: boksi mbili zenye matundu, shuka, glavu za ngozi, kipimajoto, pakiti 20 za ORS, mabomba ya sindano ya mililita 5 na 20, chupa za maji ya moto, dawa ya kuoshea vidonda na daftari la hati. Kisiwepo kiingilio cha watalii. Mnyama aliyezoea kupigwa picha na kulishwa kwa mkono hurudi kwa watu akishaachiwa, na huko huuawa na mbwa au gari.

Tunaomba pia mwongozo ulioandikwa wa lini mnyama apumzishwe kwa sindano. Ndege aliyepoteza bawa kwenye kiungo, swala aliyevunjika uti wa mgongo, anayeshukiwa kichaa: leo hakuna anayetaka kusaini, na mnyama anateseka siku nne akisubiri simu kutoka juu. Saini iwe ya daktari wa zamu na ya afisa wanyamapori wa wilaya, ndani ya saa mbili. Mzoga wa aliyepewa pentobabitali, dawa ya sindano hiyo, uchomwe siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hiyo hubaki kwenye nyama na kuwaua tumbusi watakaoila.

Waraka, kadi za watendaji na masanduku 8 havihitaji ujenzi. Mvua zikianza Desemba na majani yakichipua, digidigi watazaa, na wakulima watakuwa mashambani kutwa nzima na majembe na mbwa wao. Tunaomba vitu hivyo vitatu viwe vimefika vijijini kabla ya mwisho wa Novemba, na tuko tayari kuwafundisha watendaji na askari wa vijiji kwa siku mbili kila wilaya, mahali popote mtakapotuelekeza.

Wenu katika kazi,
Madaktari wa mifugo, maafisa wanyamapori na wahudumu wa wanyama,
Dodoma